Vipimo vya mimba vya shilingi 50, 150 na 1,500: kipi kinafaa pesa yako

Nianze na bei, kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Kijiti cha karatasi tupu, cha kuchovya, nilikinunua shilingi 50 Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Cha pili, cha plastiki, chenye kidirisha na kibomba chake cha kudondoshea mkojo, kilikuwa shilingi 150 kwenye duka la dawa la Barabara ya Digo. Cha tatu, chenye betri na skrini, nilikifuata Nyali nikalipa 1,500, nauli ya tuktuk mbali. Vyote vitatu vilisema neno moja. Basi ukiwa na haraka: nunua cha 50, ngoja siku yako ya hedhi ipite, pima na mkojo wa asubuhi, na hiyo 1,450 iliyobaki kanunulie samaki. Mwenye nafasi na akae, maana kijiti kizuri mkononi mwa mtu asiyejua akitumie lini ni hamsini iliyotupwa.

Mie kazi yangu ni kupaka hina, Kibokoni. Mikono ikishapakwa haishiki simu, na mtu asiyeshika simu huzungumza. Bi harusi niliyempamba kabla ya Ramadhani hurudi baada ya Idi kwa harusi ya wifi yake, na kabla sijakata ncha ya koni ananisogelea: "Mamangu, mtu akipitiliza siku zake wiki nzima, ni nini?" Mara nyingine hata haulizi, pua inamsemea. Hina yangu naichanganya na mafuta ya mikaratusi na karafuu kidogo, na mtu aliyekuwa akiivuta ile harufu kwa raha zake, leo anageuza uso na kuomba dirisha lifunguliwe. Wamama wa hapa barazani hutoa hukumu papo hapo. Mie huwaambia wangoje kijiti.

Kwa sababu dalili zote, dadangu, zina mapacha. Matiti kujaa na kuuma ukiyagusa, ni mimba changa na ni hedhi inayokaribia. Kwenda chooni kila mara, ni mimba na ni mkojo mchafu, na kwa mwingine ni sukari. Uchovu wa kukulaza baada ya adhuhuri kama uliyebeba magunia bandarini, ni mimba, ni upungufu wa damu, ni malaria. Na kichefuchefu hapa Mombasa huwa kimeshapewa jina kabla hakijapimwa: ni malaria, ni amiba, ni asidi, ni kachiri za jana. Mtu anakunywa dawa za amiba wiki nzima, kumbe amiba ana vidole kumi. Pia kile kichefuchefu wanachokiita cha asubuhi, usikiamini jina lake. Mie kilinishika magharibi, wakati jirani anapokaanga samaki.

Zangu zilikuwa hivi: harufu ya samaki, ladha ya chuma mdomoni hata nikinywa chai ya tangawizi, usingizi, na damu kidogo sana ya rangi ya waridi iliyokuja ikakata, nikadhani siku zangu zinaanza. Hiyo ya damu haimpati kila mtu, lakini ikimpata humchanganya, kwa sababu anaihesabu kuwa hedhi na tarehe zote zinaharibika. Mwingine hamu yake yote huingia kwenye udongo, ule wa kuuzwa kwa vipande Kongowea. Huo usiukenulie meno. Hamu ya udongo mara nyingi ni mwili unaolia chuma, na udongo wenyewe unaweza kuja na mayai ya minyoo na hata madini ya risasi ndani yake. Kapime damu.

Sasa kijiti chenyewe. Mtoto wa dadangu anasomea mambo ya maabara na ndiye aliyenieleza kinavyofanya kazi, nikamlazimisha anieleze tena hadi nikaelewa. Mimba ikishajishikiza kwenye kizazi hutoa homoni inayoitwa hCG, inaingia kwenye damu na kutoka na mkojo. Kwenye karatasi kuna kingamwili zilizofungiwa chembe ndogo mno za rangi. Mkojo ukipanda unazibeba, homoni kama ipo inanaswa kwenye mstari wa T, na mstari wa C unatokea kukuambia tu kwamba kipimo ni kizima. C isipotokea, kitupe, hata kama T inang'ara. Na zile chembe, kwenye vijiti vingi vya mistari myekundu, ni dhahabu. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haionekani manjano tena, inakuwa nyekundu. Sitaki kumsikia tena mtu akisema mumewe hajawahi kumnunulia dhahabu.

Ni yeye pia aliyeniambia habari za chura. Kuanzia miaka ya 1930 maabara za Ulaya na Marekani zilitumia chura wa Afrika Kusini: unamdunga sindano yenye mkojo wa mwanamke, akitaga mayai kufikia kesho yake, mwanamke ni mjamzito. Kupima nyumbani kulianza na mchoraji mmoja, Margaret Crane, aliyeajiriwa na kampuni ya dawa ya Organon kule New Jersey. Mwaka 1967 aliona mirija ya maabara ikipima mimba za watu akajiuliza kwa nini mwenye mimba asijipimie mwenyewe. Kipimo chake kiliuzwa Kanada mwaka 1971 kabla hakijafika madukani Marekani. Chura yule amenifanya nisiione hamsini kuwa ghali.

Turudi kwenye siku ya kupima, maana hapo ndipo wengi wanapoteza pesa. Yai likirutubishwa halitui siku hiyo hiyo. Linateremka kwenye mrija polepole, na kwa wengi hujishikiza kizazini baina ya siku ya 6 na ya 10 tangu yai kupevuka. Kabla ya hapo hakuna homoni ya kupimwa, ununue kipimo cha bei gani. Ikishaanza, huongezeka maradufu kila baada ya siku mbili au tatu hivi. Ndiyo maana mtu aliyeona mstari mmoja Jumatatu anaweza kuona miwili Alhamisi, na hakuna aliyemdanganya. Kwenye pakiti za kile cha 50 na cha 150 pameandikwa 25 mIU/ml, yaani homoni ikifika kiwango hicho ndipo kipimo kinaiona. Namba zilikuwa sawa, nimezitazama kwa miwani. Viko vinavyoandika 10, ambavyo vinaona mapema zaidi, lakini ukisubiri siku yako ya hedhi ipite, mimba nyingi zimeshavuka viwango vyote viwili na ile tofauti haikusaidii kitu.

Ambaye siku zake hazina mpango, au ananyonyesha na hedhi haijarudi, au alikuwa kwenye sindano ya kupanga uzazi na haoni kitu, huyo asihesabu hedhi. Ahesabu siku 21 tangu mara ya mwisho alipokutana na mumewe bila kinga, ndipo apime. Aliyemeza P2, zile tembe za dharura za kuzuia mimba, naye ajue kwamba zile tembe zinaweza kusogeza hedhi mbele au nyuma, kwa hivyo kuchelewa peke yake si ushahidi. Wiki ikipita tangu siku iliyotarajiwa, apime.

Mkojo wa asubuhi ni kwa sababu umekaa usiku kucha, ni mzito. Ukishakunywa madafu mawili na jagi la maji, unapima maji. Mimba ikishakua wiki kadhaa saa haina tena neno, lakini siku zile za mwanzo ina neno sana. Ramadhani watu huniuliza hili kuliko mwezi wowote, kwa sababu anayejua ana mimba anataka kuamua mapema kama atafunga, na sheria imempa nafuu akihofia nafsi yake au mtoto. Pima ukiamka daku, kabla hujagusa maji. Mambo ya kulipa siku hizo muulize mwalimu wako wa dini, mie na kijiti changu hatufiki huko.

Kuhusu matumizi, cha karatasi ndicho kinachotaka mkono mtulivu. Kuna alama ya mshale, usichovye kupita hapo. Unachovya kwa sekunde zilizoandikwa, unakilaza mahali pakavu, unasoma baada ya dakika 3 hadi 5. Cha plastiki ni kisafi zaidi: matone matatu kwenye kitundu, basi, na ndicho nitakachompa msichana mwenye mkono unaotetemeka. Hiyo mia zaidi ni ya usafi, jibu ni lile lile.

Mstari hafifu wenye rangi, ukitokea ndani ya muda, ni mstari. Rudia baada ya siku mbili uone kama unakoza. Lakini dakika 10 zikishapita, kitupe na usikirudie. Mkojo ukikauka unaweza kuacha kivuli cha kijivu pale penye T, kisicho na rangi, na hicho kivuli kimeshapigiwa vigelegele. Mteja wangu mmoja alikiokota kijiti kwenye pipa jioni, akaona "miwili", akampigia mamake Malindi. Kule maandalizi ya halua yalikuwa yameshaanza.

Hapa niseme neno juu ya joto, ambalo maelezo ya pakiti hayamwandikii mtu wa Mombasa. Wanasema kihifadhiwe baina ya nyuzi 2 na 30. Mchana wa Machi mji huu unapita 30 bila taabu, na maduka mengine huvipanga kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua tangu asubuhi. Mie sikununua kwenye duka la namna hiyo. Angalia tarehe ya mwisho, bonyeza pakiti uone kama ina hewa, na usiifungue mpaka uwe tayari, kwa sababu unyevu wa choo chetu unatosha kuiharibu karatasi. Kukinunua ukakiweka juu ya beseni la kuogea mwezi mzima ni kujitakia majibu ya ajabu.

Cha 1,500 kina raha moja: hakuna kukodoa macho. Skrini iliniandikia kwa maneno kwamba nina mimba, na chini yake makadirio ya wiki. Kwa mtu asiyeona vizuri, au anayejua atabishana na mstari usiku kucha, hiyo raha ina thamani. Lakini hizo wiki usizipeleke kliniki kama zilivyo. Kipimo kinahesabu tangu mimba kutunga, muuguzi anahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hivyo hesabu yake itazidi kwa wiki mbili hivi na hakuna aliyekosea. Kilipozima nilikipasua kwa kisu cha jikoni, udaku tu. Ndani mlikuwa na kibetri, taa ndogo, na kijiti cha karatasi chenye mistari. Jamaa wa ile mashine kazi yake ni kumsomea mwenye nyumba karatasi aliyoweza kuisoma mwenyewe.

Chumvi, sukari na dawa ya meno, ambavyo wengine huvichanganya na mkojo kupima mimba, siwapi hata nyota nusu. Dawa ya meno nyingi ina chokaa, na chokaa hutoa povu ikikutana na kitu chenye asidi, na mkojo wa mtu yeyote unaweza kuwa na asidi. Wa mume wako pia utatoa povu. Mjaribu.

Nije kwenye maduka. Duka la kwanza nililoingia sitalitaja. Niliuliza taratibu, mhudumu akageuka nyuma akapaza sauti, "Vile vya mimba viko wapi?", na foleni nzima ikanitazama tumbo. Nina watoto wakubwa, aibu yangu imeshapungua. Lakini pale nyuma yangu alikuwepo binti wa sare ya chuo, na nilimwona akiahirisha haja yake, akaomba Panadol akaondoka. Huyo atapima lini?

Pale Mwembe Tayari mambo yalikuwa mengine. Binti wa kaunta aliniamkia, akasikiliza, akatoa pakiti na kuitia kwenye bahasha ya kaki kabla haijaonekana. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu mmoja: "Mama, mara ya mwisho uliona siku zako lini?" Nikamwambia. "Una maumivu upande mmoja wa tumbo? Umetoka damu?" Nikamwambia ile ya waridi. Nilikuwa nimetaka pia dawa ya malaria, kwa ajili ya ule uchovu. Akanikatalia. "Pima hii kwanza, na malaria pia upimwe damu. Dawa nitakupa nikijua namuuzia mmoja au wawili." Kwa shilingi 50 sijapata huduma kama hiyo mji huu, na nimekaa mji huu tangu kuzaliwa.

Yale maswali ya maumivu hakuyauliza bure. Kijiti kinasema mimba ipo, hakisemi iko wapi. Mimba ikitunga kwenye mrija, kijiti kitaonyesha mistari miwili ile ile. Kwa hivyo mwenye mistari miwili na maumivu makali ya upande mmoja chini ya tumbo, au damu, au kizunguzungu cha kuanguka, au maumivu ya ajabu kwenye ncha ya bega, asingoje kesho na asipigiwe mafuta tumboni. Aende hospitali ya Makadara au nyingine yoyote yenye skani na thieta, usiku huo huo. Upande wa pili, aliyeharibikiwa na mimba karibuni anaweza kuona mistari miwili wiki kadhaa baadaye, homoni haiishi siku moja. Na aliyedungwa sindano za hCG kwenye matibabu ya uzazi, vivyo hivyo. Antibayotiki na Panadol hazibadilishi kitu, wala tembe za kupanga uzazi.

Baada ya mistari miwili wengi hukaa kimya mpaka tumbo lionekane, wakihofia jicho. Mficheni jirani, kliniki msiifiche. Uti wa mgongo wa mtoto hufungika ndani ya wiki nne hivi tangu mimba kutunga, wakati wengine hata hawajapima, na foliki asidi ndiyo inayousaidia, mikrogramu 400 kwa siku. Kliniki za serikali hutoa tembe moja yenye chuma na foliki pamoja. Shirika la Afya Duniani linataka hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12, na tangu mwaka 2016 limependekeza yawe angalau 8 mpaka kujifungua. Siku hiyo ya kwanza wanapima wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, virusi vya ukimwi na mkojo. Huku Pwani unapewa chandarua pia, na miezi mitatu ya kwanza ikishapita unaanza vidonge vya SP vya kuzuia malaria. Peleka tarehe ya hedhi yako ya mwisho, imeandikwa. Muuguzi hataki kusikia "baada ya Maulidi".

Na jambo la kazi yangu, kwa vile nimeulizwa: hina safi ya majani simnyimi mjamzito, ila mafuta huyapunguza mpaka harufu asiisikie. Piko nyeusi ya rangi ya nywele simpaki. Ile kemikali yake inababua ngozi hata za wasio na mimba, na sijaona harusi inayostahili malengelenge.

Nyota, basi. Cha karatasi cha 50: tano. Cha plastiki cha 150: nne, moja nimeikata kwa ajili ya takataka ya plastiki. Cha skrini: mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya wenye macho mabovu. Duka la Mwembe Tayari: tano, na ningekuwa na ya sita ningeitoa. Liko upande wa mtaa uliojaa wauza viatu vya mitumba, bahasha haina malipo, na Ijumaa hufunga saa sita kwa ajili ya sala, hufungua saa nane.